Chungu cha Maua na Mashine Ndogo

Katika ulimwengu wa kubuni uitwao Eorzea palikuwa na chungu cha maua. Hakikuwa na kazi. Hapakuwa na aliyekivunja wala aliyekitia maji, wala hapakuwa na kisa kilichokitaja. Mchezaji alikipita kama mtu apitavyo chungu cha mrehani barazani kwa jirani. Lakini chungu hicho, kama alivyokuja kueleza Naoki Yoshida, kiliundwa kwa vipande bapa 1,000, vile ambavyo kompyuta huviunga pamoja ili kupata umbo, na kwa mistari 150 ya maelekezo ya kutia mwanga na rangi. Gharama hiyo ndiyo iliyotumika kumuumba mtu mzima, mwenye uso, mavazi na upanga. Na vyungu vilikuwa vingi.

Kisa cha chungu hiki ni kisa cha mchezo uitwao Final Fantasy XIV, ulioundwa na kampuni ya Square Enix ya Tokyo na kutolewa tarehe 30 Septemba 2010 kwa ajili ya kompyuta zenye Windows. Wenye PlayStation 3, mashine ya kuchezea iunganishwayo na televisheni, waliahidiwa toleo lao mwezi wa Machi 2011. Machi ilikuja ikapita. Toleo hilo lilifika tarehe 27 Agosti 2013, na lilipofika, mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjwa ukajengwa upya. Tangu hapo kisa hiki hutajwa kila unapozuka ubishi wa zamani: mchezo uliokwisha kuwavunja watu moyo kwenye mashine moja, je, waweza kupona kwa kucheleweshwa kwenye mashine ya pili? Wako wasemao waweza, na shahidi wao ni huyu. Shahidi ni wa kweli, lakini ushahidi wake hausikilizwi hadi mwisho.

Msomaji asiyeyajua mambo haya hana budi kuelezwa tofauti ya mashine hizi mbili. Kompyuta ni nyumba ambayo kila mwenyewe huijenga kwa kipimo chake: mmoja ana vyumba kumi, mwengine ana kibanda. Mtunzi wa mchezo akiwa mvivu au mwenye majivuno, huwaambia wenye vibanda wakajenge upya. Mashine ya televisheni haina ubishi huo. Imepimwa mara moja kiwandani, imeuzwa kwa mamilioni, na kila moja ni sawa na mwenziwe. Kuuhamishia mchezo humo ni kazi inayofanana sana na kazi ya mfasiri. Msomaji wa kawaida anaweza kuuruka ubeti dhaifu pasina kujua kuwa ameuruka; mfasiri hawezi. Kila neno la asili lazima alishike mkononi aulize lina kazi gani, na hapo ndipo hugundua kuwa maneno mengine hayakuwa na kazi tangu mwanzo.

Square Enix haikuwa ngeni katika biashara hii. Mwaka 2002 Square, kabla ya kuungana na Enix, ilitoa Japani mchezo wa Final Fantasy XI, wa kwanza katika mfululizo wake kuchezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akilipa ada ya mwezi. Ulianzia kwenye PlayStation 2, ukaingia kwenye kompyuta baadaye mwaka huo huo, na ukaishi miaka mingi. Msimamizi wake alikuwa Hiromichi Tanaka, mmoja wa wakongwe wa kampuni, na ni yeye aliyekabidhiwa pia mchezo wa kumi na nne. Ulipotangazwa mwezi wa Juni 2009 katika mkutano wa Sony huko Los Angeles, picha zilimeremeta, na watu wakaamini kwamba waliokwisha kufaulu mara moja watafaulu tena. Kosa lilikuwa kwamba katika miaka saba iliyopita dunia ya michezo ya aina hii haikusimama. Mwaka 2004 Wamarekani walitoa World of Warcraft, na mamilioni ya wachezaji wakazoea mambo ambayo hawakuwa tayari kuyaacha: njia inayoeleweka, shughuli zisizochosha, majibu ya papo kwa papo. Waundaji wa Tokyo walishughulikia zaidi uzuri wa sura.

Matokeo yake yalikuwa mchezo wa kutazamwa kuliko kuchezwa. Milima na mabonde yalirudiwa: mchezaji alitoka bonde moja akaingia jengine, akaukuta mwamba ule ule na mti ule ule, kana kwamba ametembea saa nzima asitoke alipo. Kubonyeza orodha ya vitu kulihitaji subira, kwa kuwa hata jambo dogo lilipelekwa kwanza kwenye seva za kampuni likasubiri jibu. Hapakuwa na mnada wa bidhaa. Aliyetaka kununua ngao alizunguka katika mitaa ya soko, akimhoji mtumishi mmoja baada ya mwengine wana nini, kama mtu atafutaye sindano sokoni kwa kufunua kila kapu. Palikuwa na sheria ya uchovu: aliyecheza kazi moja kwa muda mrefu katika juma alipunguziwa malipo ya jasho lake mpaka yakaisha kabisa. Hata lugha ilikosewa. Chokobo, ndege mkubwa apandwaye ambaye kila Mjapani aliyewahi kugusa mfululizo huu anamjua kwa jina lake, aliandikwa kwa alama zenye maana ya farasi-ndege. Wachezaji wakapiga kelele, jina likarudishwa. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha jinsi nyumba ilivyokuwa bila mwenyewe. Ukurasa wa Metacritic, unaokusanya alama za wahakiki, uliupa mchezo 49 kwa 100.

Tarehe 10 Desemba 2010, siku 71 tangu mlango ufunguliwe, rais wa kampuni, Yoichi Wada, aliomba radhi hadharani. Tanaka aliacha usimamizi. Mahali pake akawekwa Yoshida, mtu ambaye wapenzi wengi wa mfululizo huu hawakuwa wakimjua, aliyekuwa amefanya kazi katika michezo ya Dragon Quest. Ada ya mwezi, iliyokuwa bado haijaanza kutozwa, iliahirishwa bila ya tarehe. Na katika tangazo hilo hilo mlikuwa na sentensi kuhusu PlayStation 3 ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Kampuni ilisema kwamba haitaki kutoa toleo litakalokuwa nakala tu ya mchezo wa Windows kama ulivyo. Litatolewa litakapokuwa na marekebisho yote yaliyokusudiwa. Tarehe mpya haikutajwa.

Inafaa kuitazama sentensi hiyo kwa utulivu, maana njia nyengine ilikuwepo, na makampuni mengi yameipita. Square Enix ingeweza kuukamua mchezo mbovu kwa mara ya pili. Wako wenye PlayStation ambao hawasomi wahakiki, na jina la Final Fantasy peke yake lingewauzia sanduku. Kwa nini haikufanya hivyo? Sehemu moja ni aibu, na aibu katika biashara ya Kijapani si neno tupu: mwezi wa Septemba 2011 Wada mwenyewe alikiri kwamba jina la Final Fantasy limeharibiwa vibaya. Sehemu ya pili ni hesabu. Mchezo wa aina hii hauishi kwa bei ya sanduku, huishi kwa ada ya kila mwezi, na asiyetaka kukaa humo halipi mwezi wa pili. Wenye PlayStation walikuwa watu ambao hawajadanganywa bado. Walikuwa mlango wa mwisho uliobaki haujafungwa, na mlango wa mwisho haugongwi kwa mkono mchafu.

Hapa hapana budi kusemwa jambo ambalo wapenzi wa kisa hiki hulipita haraka. Waliokuwa na kompyuta walionja kwanza, na kilichowaunguza ndicho kilichowaokoa wenzao. Walinunua Septemba 2010 kwa bei kamili. Shukrani zilizostahili kupewa kuchelewa zilikuwa deni kwao.

Yoshida aliwapelekea wakubwa wake njia mbili: kuutengeneza mchezo uliopo kidogo kidogo, au kuujenga upya tangu msingi. Uamuzi ukawa kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kikosi kimoja kiliendelea kuutibu mchezo wa zamani ili waliobaki humo wasikimbie. Kikosi cha pili kikaanza mpya, pamoja na injini mpya ya kuchorea, maana ile ya kwanza ndiyo iliyovizaa vile vyungu. Kazi ilikuwa haijakamata kasi ilipokuja Machi 2011. Mwezi ule ule ambao wenye PlayStation walikuwa wameahidiwa mchezo wao, tetemeko na tsunami zikaipiga Japani, na seva zikazimwa kwa siku kadhaa ili umeme uokolewe. Tarehe 14 Oktoba 2011 mpango wa toleo la pili ukatangazwa rasmi, na PlayStation 3 ikatajwa ndani yake.

Kisha ikaja Januari 2012, na jambo lililostaajabisha wengi: kampuni ikaanza kutoza ada. Watu waliombwa walipie nyumba iliyokwisha kuandikiwa kubomolewa. Waliokubali kulipa kwa siku 90 waliahidiwa punguzo la kudumu la ada katika mchezo mpya, chokobo wa kipekee, na majina yao kuandikwa mwishoni mwa mchezo pamoja na ya waundaji. Ukiyatazama kwa jicho la mfanyabiashara, hiyo ilikuwa njia ya kupata fedha za matofali. Lakini watu walilipa, na wengi wao hawakufanya hivyo kwa ajili ya ndege. Walikuwa wamekutana humo, wameunda vikundi, wamezoeana sauti. Mchezo mbaya nao una majirani.

Nyumba ilibomolewa mbele ya macho yao. Katika miezi ya mwisho mwezi mdogo mwekundu, Dalamud, ulizidi kuwa mkubwa katika anga ya Eorzea kila toleo lilipoongezwa, mpaka hapakuwa na haja ya kumwonyesha mtu mahali pa kutazama. Tarehe 11 Novemba 2012 seva zilizimwa. Wachezaji walikusanyika mijini na mashambani, wakapigana na wanyama waliomiminika, na kisha wakaonyeshwa filamu fupi: mwezi unapasuka, joka Bahamut linatoka ndani yake, nchi inaungua, na mzee mmoja mwenye elimu ya uganga, Louisoix, anawatupa mashujaa mbele katika wakati ili wasiangamie. Mchezo mpya ulianza miaka mitano baada ya maangamizi hayo. Hivyo kosa la kiwandani likageuzwa tukio la historia ndani ya hadithi. Si kila mtunzi aliyeharibu shairi hupata nafasi ya kuandika kwamba ubeti uliotangulia uliteketea kwa moto wa joka.

Sasa turudi kwenye mashine ndogo. PlayStation 3 ilitoka mwaka 2006, na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 256 za kazi za kawaida na 256 nyengine za picha. Hata mwaka 2010 kompyuta nyingi za mezani zilikuwa zimeipita mbali. Chungu cha vipande 1,000 hakikuwa na mahali humo, na haidhuru mtunzi alikipenda kiasi gani. Kwa hiyo kila kitu katika Eorzea mpya ilibidi kihojiwe: kinaonekana kwa karibu au kwa mbali? Kina kazi au ni pambo? Watu wangapi watakisimamia kwa pamoja? Waundaji waliokuwa wakijivunia kuchora kila kitu kwa mkono wakajifunza kugawa posho. Na faida ikawafikia wenye kompyuta vilevile, maana kibanda kilichomtosha mnyonge kilimwachia tajiri nafasi ya kupumua.

Mikono nayo ilikuwa na mipaka. Mwenye kompyuta ana kibodi nzima. Mwenye PlayStation ana pedi yenye vitufe vichache, na michezo ya aina hii ina amri kwa makumi. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi na ya busara: amri zilipangwa kwa umbo la msalaba, kama vitufe vilivyo kwenye pedi yenyewe. Ukishika kitufe cha nyuma cha kushoto unapata amri nane, ukishika cha kulia unapata nane nyengine. Vidole vikizoea, macho hayahitaji kushuka. Wako wenye kompyuta nzuri na kibodi ya fedha nyingi ambao hadi leo huchezea pedi kwa ajili ya mpango huo. Maandishi pia yalipaswa kusomeka kutoka kwenye kochi, na orodha zile za subira hazikuweza kuvumiliwa tena. Hakuna hata moja katika haya lililokuwa siri ambayo mtu asingeweza kuigundua bila PlayStation. Lakini mtu mwenye nafasi kubwa hukawia kugundua kuwa amejaza takataka.

Toleo jipya, lililoitwa A Realm Reborn, lilifunguliwa tarehe 27 Agosti 2013 kwenye mashine zote mbili kwa pamoja. Siku za mwanzo zilikuwa za fujo. Waliokuja walizidi seva, milango ikafungwa, uuzaji wa nakala za intaneti ukasimamishwa kwa muda, na wateja wakafidiwa siku za kucheza bila malipo. Safari hii, hata hivyo, watu walikasirika kwa sababu hawakuweza kuingia, na hiyo ni hasira ya aina nyengine kabisa. Metacritic iliupa 83 kwenye kompyuta. Aprili 2014 likafuata toleo la PlayStation 4.

Kwa muda wa juma moja hivi, mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba 2013, shahidi wa pili alipanda kizimbani. Blizzard, kampuni ya California, ilikuwa imetoa Diablo III kwa kompyuta tarehe 15 Mei 2012, baada ya wapenzi kungoja miaka kumi na miwili. Nakala milioni 6.3 ziliuzwa katika juma la kwanza, na walionunua wakakuta maandishi ya Kosa la 37 badala ya mchezo, kwa kuwa hata aliyetaka kucheza peke yake chumbani alilazimika kuunganishwa na seva za kampuni. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa mnada. Watu waliuziana silaha kwa fedha halisi, na kampuni ikachukua sehemu yake. Mchezo wote umejengwa juu ya furaha ya kuua jini na kuokota kilichoanguka. Lakini sasa kilichoanguka kilikuwa takataka, na upanga mzuri ulikuwa mnadani. Mwezi wa Machi 2013 Jay Wilson, aliyeuongoza mchezo huo, alikiri hadharani kwamba mnada uliuumiza.

Toleo la PlayStation 3 na Xbox 360 lilitoka tarehe 3 Septemba 2013, chini ya Josh Mosqueira. Halikuwa na mnada. Halikumlazimisha mtu kuwa na intaneti. Watu wanne waliweza kukaa mbele ya televisheni moja, na vitu vilivyoanguka vilikuwa vichache lakini vyenye thamani. Siku kumi na nne baadaye Blizzard ikatangaza kuwa mnada wa kompyuta nao utafungwa, na ulifungwa tarehe 18 Machi 2014, baada ya mpango mzima wa vitu kuandikwa upya. Mosqueira alikwisha kupewa usukani wa mchezo wote. Haitakuwa haki kusema kwamba toleo la televisheni peke yake ndilo lililoleta mageuzi, kwa kuwa malalamiko yalikuwa yamejaa tangu mwaka uliotangulia. Lakini ni huko ndiko ilikothibitika, kwa kitu cha kushikika, kwamba mchezo huo waweza kuishi bila mnada. Tafsiri ilirudi nyumbani ikasahihisha asili.

Wanaotetea kuchelewa hupenda kuishia hapo. Wangekumbuka pia Duke Nukem Forever, uliotangazwa mwaka 1997 ukatoka mwaka 2011, ukiwa umechakaa kabla ya kuzaliwa. Miaka yote ile haikuupa hata kofi moja la heshima. Muda peke yake hauna mikono. Square Enix ilibadilisha uongozi, ikakubali kupoteza fedha, ikabomoa kilichojengwa. PlayStation 3 iliipa sababu ya kutofanya nusu, na kipimo cha kupimia.

Na kipimo nacho kina gharama yake, jambo ambalo Yoshida amelieleza mara nyingi kuliko alivyotaka. Miaka ilipokwenda, wachezaji waliomba mifuko mikubwa zaidi ya vitu na orodha ndefu zaidi, na jibu lilirudi lile lile: kumbukumbu ya PlayStation 3 haitoshi. Jibu hilo likawa mzaha kati yao. Kila kilichokosekana, hata kisichohusika, kililaumiwa mashine ile. Dawa iliyomtibu mgonjwa ilikuwa imekuwa bendeji isiyofunguliwa. Mwezi wa Juni 2017, lilipotoka toleo la Stormblood, PlayStation 3 iliachwa. Wenyewe waliruhusiwa kuhamia PlayStation 4 bila kununua mchezo upya, na wahusika wao, kwa kuwa waliishi kwenye seva, wakavuka pamoja nao. Mfuko wa kila mchezaji ukaongezwa kutoka nafasi 100 hadi 140.

Lakini mazoea ya kubana matumizi hayakuisha pamoja na mashine. Desemba 2021, katika toleo la Endwalker, wachezaji waliingia bustani moja wakakuta mashada ya zabibu. Zilikuwa na pembe. Kila tunda lilikuwa limekatwa kwa vipande vichache hata likafanana na jiwe la kidani, na watu wakasimama mbele yake wakacheka, wakapiga picha, wakazipeleka duniani kote kwa mahaba ambayo mchezo wa mwaka 2010 haukuwahi kuyapata. Baadaye kampuni ikaziongezea zabibu vipande, zikawa duara.